Ukoo wa Tak Ulivyosukwa Kikapu

Katika mji wa Palisades Park, New Jersey, sisi Wakorea hujuana kwa majina ya watoto wetu. Ulizia Ong Pil-rye barabara nzima ya Broad, kuanzia duka la keki za mchele hadi kwa daktari wa meno, na watu watakukodolea macho. Ulizia Mama Yujin, na hata yule anayeosha magari atakuonyesha nyumba, atakueleza na ugonjwa wake wa magoti. Miaka thelathini na sita mama huyu alipiga pasi mashati ya watu katika duka la dobi. Kibao cha dukani kilikuwa na jina la mume, risiti zina jina la mume, na kanisani aliandikwa Mama Yujin, basi, yamekwisha.

Sasa ndio ujue kwa nini vuli ile alikuwa akienda maktaba ya mji kila siku ya Mungu. Karibu na mlango wa vyoo kulikuwa na kabati la kioo, na ndani yake kadi nyeupe iliyoandikwa kwa herufi nzuri: *Ong Pil-rye. Kikapu cha karatasi.* Nyuma ya kadi kilikaa kikapu chenyewe, kidogo, chenye mfuniko, cheupe chenye madoadoa meusi kama yai la kwale. Pil-rye alijifanya anakwenda msalani, akapita polepole, akasoma kadi, akarudi, akasoma tena. Darlene, mkutubi, alianza kumwonea huruma akidhani ana kisukari.

Kikapu kile kilimchukua miezi minane. Alikisuka katika darasa la Jumanne, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, ambako Mwalimu Guk alifundisha ufundi wa mababu zetu wa kusokota karatasi. Unachukua karatasi ya hanji, ile inayotengenezwa kwa magome ya mforsadi, unaikata vipande vyembamba, unalowesha vidole, unasokota mpaka inakuwa uzi, halafu unasuka. Maneno hayo ni rahisi kuyasema. Wiki mbili za kwanza vidole vya Pil-rye viliota malengelenge, na uzi wake ulikuwa unafanana na minyoo.

Mwalimu Guk alikuwa mwanamke mwembamba, mkali, asiyesifu mtu. Sheria yake kubwa ilikuwa moja.

"Karatasi mpya ni ya wavivu," alisema. "Wazee wetu walisokota vitabu vilivyochakaa, barua za zamani, daftari za shule. Karatasi iliyoandikwa kwa wino wa masizi ikisukwa inatoa madoadoa. Kikapu kinakuwa hai. Nendeni mkatafute kwenu."

Basi wanafunzi wakapekua makabati. Mama Sora, mwenye saluni ya kucha na mdomo usiojua likizo, alileta mazoezi ya mwandiko ya marehemu babu yake. Marisela, msichana wa Guatemala aliyepanga samaki kwenye supamaketi yetu na kujifunza Kikorea papo hapo sokoni, pamoja na matusi yote, alinunua daftari kuukuu kwenye mtandao. Pil-rye alitoa kabatini sanduku la mbao la mumewe lililokuwa na vitabu vya zamani vilivyoshonwa kwa uzi. Maandishi yalikuwa ya Kichina tupu, kama walivyoandika wasomi wetu wa zamani. Yeye aliacha shule akiwa darasa la sita, na herufi za Kichina kwake zilikuwa kama nyayo za kuku.

"Baba Yujin," aliuliza siku ile, "hivi vikaratasi vya sandukuni nichukue?"

Mumewe, Tak Ki-hwan, alikuwa mbele ya televisheni akitazama fainali ya baduk, ule mchezo wa vijiwe vyeusi na vyeupe unaoweza kumla mtu mchana mzima. "Chukua," alisema bila kugeuka.

Pil-rye akafungua kitabu kimoja, akachomoa kurasa nne za mwanzo. Alijua kurasa za mwanzo za vitabu hivyo ni dibaji, wazee wakisifiana wao kwa wao, hakuna anayezisoma. Akazikata kwa kufuata mistari ya maandishi, kila mstari kipande kimoja, akaanza kusokota.

Ikawa hivyo, mpaka Jumapili moja wiki mbili kabla ya sikukuu ya mavuno.

Alikuwa jikoni akitia chumvi kabichi za kimchi, ile achari yetu ya pilipili. Ki-hwan alikuwa sebuleni akipiga kelele kwenye simu, maana aliamini kuwa Korea iko mbali na sauti lazima ifike.

"Kaka anakuja!" alitangaza akiingia jikoni. "Alhamisi. Anafuata kitabu cha nasaba."

"Kitabu gani?"

"Cha ukoo. Ukoo wetu unachapisha kitabu kipya, kinatoka mara moja kila miaka arobaini. Nakala ya kaka iliungua pamoja na ile nyumba ya zamani. Imebaki hii yetu tu, ile baba aliyonipa tulipokuwa tunahama. Ina maandishi ya mkono wake mwenyewe. Si iko kabatini, kwenye sanduku la mbao?"

Mikono ya Pil-rye ilisimama ndani ya kabichi.

Ki-hwan alikwenda mwenyewe. Sanduku lilisikika likifunguka, halafu ukelele.

"Panya! Mama Yujin, panya wamekula ukoo wetu!"

Pil-rye alisimama mlangoni, chumvi ikimdondoka viwikoni. "Si panya," alisema. "Ni mimi."

"Umekula?"

"Nimesuka."

Ki-hwan alikaa chini kwenye zulia. Alikuwa mwanamume mnene, mpole, asiyejua kukasirika vizuri. Kila alipojaribu, alishikwa na kwikwi. "Ume... suka."

"Nilikuuliza ukasema chukua!"

"Lini?"

"Siku ya baduk."

"Mwanamke wewe! Mtu akitazama baduk, hata ukimwomba figo atasema chukua!" Akapigwa na kwikwi. Akavaa miwani yake iliyokuwa ikining'inia shingoni kwa kamba, akakipindua kitabu. "Haya, tulia. Angalau ulichukua za mwanzo. Za mwanzo ni dibaji..." Akakigeuza tena. "Ulikifungua upande gani?"

"Upande huu. Kuna upande gani mwingine?"

"Vitabu vya zamani vinaanzia kule. Huku ni mwishoni." Uso wake ulikuwa umepauka kama tofu. "Mama Yujin, umetusuka sisi wenyewe. Baba, kaka, mimi. Wote tumo ndani ya kikapu."

Usiku ule Pil-rye hakupata usingizi, na hasira yake haikumwelekea mumewe. Ilimwelekea baba mkwe wake, ambaye alikuwa kaburini tangu mwaka wa tisini na moja. Kabla ya kuhamia Amerika, Pil-rye aliishi kwake miaka minne. Alimpikia, alimfulia, alimpashia maji ya kunawa asubuhi za barafu. Mzee yule, mwalimu wa maandiko ya Kichina, mgumu kama mlango wa boma, hakumwita chochote ila "wewe mtoto." Walipohamia huku aliandika barua kila mwezi, na kila barua ilianza "Ki-hwan mwanangu" na kuishia "jichunge na baridi." Hakuna hata moja iliyomtaja. Pil-rye alishalisema jambo hilo mara nyingi, kwa mzaha, mezani, saluni, kanisani: "Baba mkwe wangu alikufa bila kujua jina langu." Watu walicheka. Yeye pia alicheka, lakini lilimuuma, kusema kweli.

Na sasa mzee huyohuyo anadai hata kikapu. Kitu kimoja tu duniani chenye jina la Ong Pil-rye, na ndani yake kajaa yeye na wanawe.

Jumanne darasani aliyamwaga yote. Wanawake waliweka vipande vyao chini.

"Sema panya," Mama Sora alisema mara moja. "Panya hawakanushi."

"Mama Sora!"

"Nini? Shemeji yako ana miaka themanini na moja. Atasikitika, atakunywa supu, atalala. Mpe kitabu kilichobaki, kikapu chako kibaki kwenye kioo. Nani ataumia?"

"Bosi wangu alisema samaki ni wa leo," Marisela alisema kwa Kikorea chake cha sokoni. "Wateja wakarudi na samaki. Wakampiga nao."

Mwalimu Guk hakucheka. Alikuwa anamtazama Pil-rye. "Ulikwisha kukipaka mafuta?"

"Bado. Ulisema tusubiri maonyesho yaishe."

"Basi karatasi haijafa. Hanji ukiilowesha inasokotoka, inarudi kuwa kipande. Wino wa masizi wa miaka ile hauchuruziki, hata ukiutia mtoni. Tutabandika vipande kwenye karatasi mpya kwa uji wa unga, na kurasa zitasomeka." Kisha akasema lile ambalo kila mtu alikwisha kulijua. "Lakini nyuzi zenye maandishi zimepita kila mahali. Huwezi kutoa moja ukaacha kikapu. Inabidi ukifumue chote."

Pil-rye alitazama mikono yake. Miezi minane. Angeweza kusema panya. Maneno yalikuwa tayari ulimini, mepesi. Alifikiria kadi ile ya maktaba, akajiona anapita mbele yake kila siku, akijua kikapuni mna nini. Mficha uchi hazai, walisema waliotangulia.

"Hakitufai tena kile," alisema. "Nitakifumua."

"Mama wee," Marisela akasema, "miezi minane nimekufuata nijue kusuka, sasa nitajifunza kufumua bure. Mimi nakuja."

Jumatano asubuhi Pil-rye alikwenda maktaba. Darlene alifungua kabati shingo upande.

"Maonyesho yanaisha mwisho wa mwezi, mama. Watu wanakipenda."

"Najua. Nina dharura ya ukweni."

Darlene hakuelewa dharura ya ukweni inahusiana vipi na kikapu, lakini alikuwa na wakwe, hakuuliza. Aliponyoosha mkono kuchukua kadi, Pil-rye alimshika kiwiko.

"Kadi iache."

"Bila kitu nyuma yake?"

"Imeandikwa vizuri."

Kadi ikabaki. Siku ile ile bwana mmoja mwenye skafu alisimama mbele ya kabati tupu, akasoma *Kikapu cha karatasi*, akatikisa kichwa kwa heshima, akaondoka ameridhika.

Ukumbini kila mtu alikuwa amefika. Hata Mama Sora alifunga saluni, akaja na glavu zake za mpira na maneno yake yote. Pil-rye ndiye aliyekata fundo la kwanza, maana Mwalimu Guk alikataa kuligusa. "Kazi ya mtu hufumuliwa na mwenyewe," alisema. Mkasi ukalia, tak, na mfuniko ukalegea. Pil-rye alihisi kama amevuliwa nguo mbele za watu. Halafu akavuta uzi, na uzi ukaja, na kazi ikaanza.

Walinyunyiza maji kwa chupa ya dukani kwake, ileile aliyonyunyizia kola za mashati. Wakasokotoa uzi mmoja mmoja kwa ncha za vidole. Herufi zikaanza kufunguka, nyeusi, kamili, hazikuchuja hata kidogo. Lakini vipande vilikuwa vimejikunja na kukunjamana, vikikataa kulala, na uji wa unga haushiki karatasi yenye makunyanzi. Mwalimu Guk alijaribu kuvilalisha kwa brashi. Vikajikunja tena.

"Nipisheni," Pil-rye alisema.

Akatoa pasi yake kwenye mfuko. Akatandika kitambaa cha pamba, akapima joto la pasi karibu na shavu kama alivyofanya kila alfajiri kwa miaka thelathini na sita, akaweka kipande, akafunika kwa kitambaa chenye unyevu, akapitisha pasi mara moja, bila kuikandamiza. Kipande kikalala kama kimeshiba. Akafanya cha pili, cha tatu. Mkono ulikwenda wenyewe. Mwalimu Guk alivuta kiti, akakaa, akatazama, na kwa mara ya kwanza tangu darasa lianze akasifu mtu.

"Hapo mimi sina la kusema," alisema. "Endelea, Mwalimu."

Mama Sora akapiga yowe. "Mmesikia? Kamwita Mwalimu! Iandikeni tarehe!"

Kufikia alasiri kurasa tatu zilikuwa zimekamilika, zimebandikwa, zinakauka. Ya nne ilikuwa na pengo. Kipande kimoja hakikuwepo. Walipekua chini ya meza, walikung'uta aproni, Marisela akatoa pipa la taka lote na kulimwaga sakafuni. Hakuna. Pil-rye alijaribu kukumbuka, lakini majira ya baridi, alipoanza kujifunza, alikuwa ameharibu vipande vingi vya mazoezi, na nani anakumbuka uzi mmoja? Waliacha pengo pale pale lilipo.

Alhamisi Ki-hwan alimleta kaka yake kutoka uwanja wa ndege. Tak Ki-seop alikuwa mzee mdogo wa umbo, msafi, na sanduku lake lilikuwa zito kwa dagaa wakavu na matunda ya persimoni yaliyokaushwa. Pil-rye aliinama hadi chini kumwamkia. Kisha, kabla hajapoa, akatanguliza kurasa mezani.

"Shemeji, kabla hujala, kuna jambo."

"Shemeji, nimekaa kwenye ndege saa kumi na nne," alijibu mzee. "Wamenilisha mkate uliolowa. Kwanza supu."

Akala supu. Akala wali. Akaongeza kimchi, akasifu kabichi, akauliza chumvi imetoka wapi. Pil-rye alikaa ukingoni mwa kiti, jasho likimtiririka mgongoni, na Ki-hwan alikuwa na kwikwi tangu waingie. Hatimaye mzee akafuta mdomo, akazivuta kurasa, akapitisha kidole juu yake.

"Mbona baba ana makunyanzi?"

Pil-rye akasema yote, bila kupunguza. Karatasi za zamani, upande alioufungua, kikapu, maktaba, pasi. Ki-hwan alipojaribu kuingiza neno kuhusu baduk, kaka yake alimzuia kwa kidole. Pil-rye alipomaliza, mzee alizipanga kurasa upya, moja moja.

"Ungeniambia panya," mzee alisema mwishowe, "ningekuamini. Watoto wa baba mdogo nao waliniambia panya. Baadaye nikakikuta kitabu chao kwa muuza vitu vya kale, hakina hata jino la panya." Akamtazama Pil-rye. "Nimekasirika. Nitakasirika mpaka kesho asubuhi, usiniletee matunda. Lakini umerudisha. Kikapu kilikuwa cha kuwekea nini?"

"Njugu za kastani, Shemeji."

"Baba alipenda kastani." Midomo ya mzee ikaanza kucheza. "Huko nyumbani wataniuliza kwa nini tawi letu limejikunja. Nitawaambia lilikwenda Amerika, likapitia kwa dobi."

Ki-hwan ndiye aliyecheka kwanza, na kwikwi zikamwisha. Pil-rye naye akacheka.

Mzee akaendelea kusoma kwa sauti, kidole kikishuka. "Ki-seop, mtoto wa kwanza. Mke wake, wa ukoo wa Ha. Ki-hwan, mtoto wa pili, amehamia Amerika. Mke wake..." Kidole kikasimama kwenye pengo.

"Kile kipande hatukukipata," Pil-rye alisema haraka. "Si neno, Shemeji. Wake hawaandikwi majina, nyote mnajua. Andika wa ukoo wa Ong, inatosha." Alilisema kwa wepesi, kama alivyozoea kusema ule mzaha wake wa mezani.

"Lakini pembeni hapa pana nukta za mkono wa baba. Sizioni vizuri." Mzee akanyoosha mkono kwa mdogo wake. "Lete miwani yako."

Ki-hwan akaivua kupitia kichwani, kamba na yote. Kamba ile Pil-rye alimsokotea wakati anajifunza, kwa mabaki, kwa sababu mume huyu alikuwa akipoteza miwani mara tatu kwa siku na kuitafuta kwa mayowe. Ilikuwa nyeupe, isipokuwa katikati, pale panapokaa kisogoni chini ya kola, ambapo hakuna aliyepaona.

Mzee aliitazama. "Na huku nyuma," alisema taratibu, "mbona pana madoa meusi?"

Pil-rye alishaichomoa kamba kwenye miwani kabla hajamaliza. Akaitia kwenye bakuli la maji, palepale mezani, katikati ya vyombo. Akasokotoa. Vidole vyake vilikuwa na haraka, akajizuia, akavipunguza mwendo. Kipande kikafunguka, chembamba, kilichochoka kwa jasho la shingo ya mumewe. Akakilaza juu ya pengo. Mistari ikakutana.

Alitegemea nyayo za kuku. Hazikuwepo. Pale katikati ya Kichina chote kile, kwa mkono wa mzee yule mgumu, palikuwa na herufi tatu za Kikorea, zile za darasa la kwanza, kubwa kuliko zingine, zimeandikwa polepole kama mtu anayemwandikia mtoto. Hakuna aliyemsomea. Alisoma mwenyewe.

*Ong Pil-rye.*

Mzee Ki-seop aliivaa miwani ya mdogo wake, akasoma, akaivua. "Baba hakuwahi kuandika herufi hizi kwenye kitabu hiki," alisema. "Hata mama yetu ameandikwa wa ukoo wa Ahn, basi. Alizidharau herufi hizi. Alisema ni za wanawake na..." Akaacha. "Aliandika ili uweze kusoma. Sababu nyingine siioni."

Miaka arobaini jina lake lilikuwa kabatini, juu ya blanketi za wageni. Walipoondoka kijijini mzee alimkabidhi Ki-hwan kile kitabu, lakini alimtazama yeye, akasema, "Wewe mtoto, kitunze." Pil-rye alidhani ni amri tu kama amri zake zote.

"Alijua," alisema. "Alijua muda wote, mzee mkaidi yule! Angesema, ingempunguzia nini?" Akalia, akacheka, akajifuta kwa aproni yenye kitunguu saumu, macho yakamwasha, akalia zaidi. Ki-hwan alimpapasa mgongo bila kujua la kufanya. Mzee aliinuka kimya kimya, akaenda jikoni, akarudi na persimoni tatu kwenye sahani. Alikuwa amesahau kuwa bado ana hasira mpaka kesho.

Mzee Ki-seop alikaa wiki mbili na nusu. Alisema kitabu kipya kitaandika wake na mabinti wote kwa majina yao, na atakayebisha ataonyeshwa mwandiko wa baba. Siku za Jumanne alikwenda darasani pamoja na shemeji yake, akamkera Mwalimu Guk kwa maswali, akafundishwa kusokota na Marisela, ambaye alimwita babu na kumwambia uzi wake unafanana na minyoo. Pil-rye alianza kikapu kipya. Safari hii alisokota matangazo ya supamaketi, na Mwalimu Guk alifumba macho, akavumilia. Kilipokwisha, ingawa maonyesho yalikuwa yamepita zamani, Darlene alikiweka nyuma ya kadi ileile. Ukiinama vizuri, kwenye ubavu wake unaweza kusoma bei ya figili.

Kamba mpya ya miwani Pil-rye hakuisokota. Alisema bado anafikiria. Basi asubuhi ya sikukuu ya mavuno, mezani pamejaa keki za mchele na samaki wa kukaanga, sauti ya Ki-hwan ikaanza tena chumbani.

"Mama Yujin! Umeiona miwani yangu?"

Pil-rye alikuwa anakata vitunguu.

"Mama Yujin!"

Vitunguu vikaendelea kukatwa. Kutoka sebuleni ikasikika sauti ya mzee Ki-seop: "Mwite kama baba alivyomwandika, we mpumbavu!"

Kikasikika kikohozi. Kisha, kwa aibu, kama kijana aliyekwenda kuposa, Ki-hwan akatokeza kichwa mlangoni mwa jiko.

"Ong Pil-rye," alisema. "Miwani yangu iko wapi?"

"Puani," alijibu mkewe.